Kinanda Nyumbani: Historia ya Kibodi ya Dijitali na Vigezo vya Kuichagua kwa Muziki wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kibodi ya dijitali ilivyopata umbo ililonalo leo madukani, na namna historia hiyo inavyoweza kumwongoza mtu anayeichagua kwa ajili ya kutunga na kurekodi muziki nyumbani. Hoja kuu ni kwamba kila kibodi hubeba maamuzi matatu yaliyokwisha kufanywa kabla mnunuzi hajaingia dukani: uamuzi kuhusu mgawanyo wa sauti, uamuzi kuhusu sauti na midundo iliyohifadhiwa ndani yake, na uamuzi kuhusu lugha inayotumika kuiunganisha na vyombo vingine. Kwa kufuatilia hamoniamu nchini India, mjadala wa Cairo wa mwaka 1932, vinanda vidogo vya Japani vya miaka ya 1980 na taarabu ya pwani ya Afrika Mashariki, makala yanaonyesha kuwa kigezo kinachotangulizwa na wauzaji, yaani wingi wa sauti, ndicho chenye uzito mdogo zaidi. Kigezo kinachostahili kutangulia ni uwezo wa kubadili mgawanyo wa sauti, kwa sababu hapo ndipo muziki wa maqamu na muziki wa jadi wa bara unapopona au unapopotea.

1.0 Utangulizi

Neno kinanda limesafiri mbali. Kamusi za zamani za Kiswahili hulitaja kwanza kama jina la ala ya nyuzi, na katika pwani ya kaskazini, hususan Lamu, muziki wa kinanda ulikuwa ule ulioongozwa na ala ya jamii ya udi, kabla taarabu haijapata sura yake ya karne ya 20. Baadaye neno hilohilo likatumika kwa kinanda cha mdomo, kinanda cha santuri, kinanda cha kanisani na hatimaye kinanda cha umeme, ambacho wanamuziki wengi leo wanakiita kibodi. Lugha imehifadhi jina huku chombo kikibadilika. Jambo hilo huweza kuficha mabadiliko makubwa. Mpiga udi huamua kwa kidole chake mahali sauti itakapokaa juu ya shingo ya ala isiyo na vigawanyo, ilhali mpiga kibodi hukuta mahali hapo pamekwisha kuamuliwa.

Suala hili lina uzito mpya sasa kwa kuwa kibodi imehamia nyumbani. Kijana mwenye kompyuta, programu ya kurekodi na kibodi ya bei ya kati anaweza kufanya chumbani kazi ambayo miaka ya 1980 ilihitaji studio ya redio. Kibodi hiyo mara nyingi ndiyo ala yake ya kwanza, tena ndiyo mwalimu wake wa kwanza wa sauti. Iwapo kibodi hiyo haimruhusu kupiga sauti iliyo katikati ya vibonyezo viwili, sikio lake litazoea kuishi bila sauti hiyo. Atakapomsikiliza mwimbaji mkongwe wa taarabu au mpigaji wa marimba ya Uganda, huenda akadhani kwamba mzee huyo ametoka nje ya nota. Kwa hiyo uteuzi wa kibodi ya nyumbani una athari inayozidi thamani ya fedha. Unahusu ni nani atakayehesabiwa kuwa anaimba sawasawa.

Makala haya yamegawanyika katika sehemu sita. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inajadili vinanda kabla ya umeme na mabishano yaliyozuka kuvihusu. Sehemu ya tatu inafuatilia kuingia kwa kibodi majumbani. Sehemu ya nne inaeleza mfumo wa MIDI. Sehemu ya tano inarejea Afrika Mashariki, na sehemu ya sita inatoa vigezo vya uteuzi vinavyotokana na historia hiyo, pamoja na hitimisho.

2.0 Vinanda kabla ya umeme

2.1 Kutoka piano hadi hamoniamu

Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence, na orodha ya mali za familia ya Medici ya mwaka 1700 inaitaja. Jambo jipya katika ubunifu wake lilikuwa mguso: mpigaji aliweza kutoa sauti ndogo au kubwa kulingana na nguvu ya kidole, jambo ambalo kinubi cha vibonyezo kilichotangulia hakikuliweza. Kufikia miaka ya 1880 idadi ya vibonyezo 88 ilikuwa imekuwa kawaida ya viwanda. Sifa hizo mbili, mguso na idadi ya vibonyezo, bado ni miongoni mwa zinazopandisha bei ya kibodi ya dijitali.

Piano hata hivyo ni nzito, na haivumilii vyema joto na unyevunyevu. Ala iliyosafiri kwa wepesi zaidi hadi Asia na Afrika ni hamoniamu, ambayo Alexandre Debain aliiandikishia hataza mjini Paris katika miaka ya 1840. Hamoniamu hutoa sauti kwa hewa inayopita katika vimbamba vya chuma. Haihitaji kukazwa nyuzi, na wamisionari waliweza kuibeba kwa meli hadi vituo vya mbali. Nchini India mafundi waliipunguza zaidi. Dwarkanath Ghose wa Calcutta anatajwa kuwa ndiye aliyeiunda upya, takriban mwaka 1875, ili ipulizwe kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mkono wa pili, mpigaji akiwa ameketi sakafuni. Hapa tunaona kanuni itakayojirudia: ala ya kigeni ilikubaliwa pale ilipobadilishwa umbo ili ifuate mkao wa nyumba iliyoipokea.

Kilichobaki bila kubadilishwa ni mgawanyo wa sauti. Katika mfumo uliotawala Ulaya kuanzia karne ya 19, oktavo moja hugawanywa katika hatua 12 zilizo sawa. Mtaalamu wa Kiingereza Alexander Ellis alipoanzisha kipimo cha senti mwaka 1885, aliipa oktavo senti 1200 na kila hatua ya piano senti 100. Kipimo hicho kilimwezesha kuonyesha kwamba mataifa mbalimbali hayagawanyi oktavo kwa namna moja, na kwamba mgawanyo wa piano ni desturi mojawapo miongoni mwa desturi nyingi. Hata hivyo, viwanda viliendelea kutengeneza vinanda kwa desturi hiyo moja.

2.2 Mabishano ya Cairo na Delhi

Matukio mawili ya karne ya 20 yanathibitisha kwamba watu wa Mashariki walilitambua tatizo hili mapema. Mwaka 1932 ulifanyika mjini Cairo, chini ya ufadhili wa Mfalme Fuad, Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliowakutanisha wanamuziki wa Misri, Iraki, Afrika Kaskazini na kwingineko pamoja na wataalamu wa Ulaya, akiwamo mtunzi Béla Bartók. Kamati ya ala za muziki iliongozwa na Curt Sachs, na moja ya hoja zilizoleta mvutano ilikuwa iwapo piano ikubaliwe katika muziki wa Kiarabu. Baadhi ya wajumbe wenyeji waliiona kuwa njia ya maendeleo, na piano zilizotengenezwa kwa robo-toni zilionyeshwa. Sachs na wataalamu wenzake kadhaa wa Ulaya walihofia kwamba ala yenye sauti zisizosogea ingeua maqamu. Inastahili kuzingatiwa kwamba mgawanyiko haukuwa wa wenyeji dhidi ya wageni. Wapo wenyeji walioitaka piano, na wapo wageni walioikataa.

Nchini India uamuzi ulikuwa mkali zaidi. Redio ya taifa iliizuia hamoniamu katika matangazo yake kuanzia mwaka 1940, na marufuku hiyo iliendelea hadi mwaka 1971. Hoja ilikuwa kwamba ala hiyo haiwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, wala kutoa sauti ndogondogo ambazo raga inazihitaji. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo 31 hamoniamu iliendelea kupigwa majumbani, katika mahekalu na katika shughuli za ibada za Kiislamu. Marufuku ya redio ilishindwa na urahisi wa nyumbani. Hili ni funzo muhimu kwa mtafiti wa historia ya ala: hatima ya kinanda haiamuliwi na wataalamu peke yao. Huamuliwa pia na kitu kinachopatikana, kinachobebeka na kinachofundishika.

3.0 Kinanda kinaingia sebuleni

3.1 Kutoka Hamamatsu hadi Casiotone

Historia ya kibodi ya kisasa inarudi tena kwa hamoniamu. Mwaka 1887 Yamaha Torakusu, fundi wa vifaa, alitengeneza kinanda cha hewa kilichoharibika katika shule moja mjini Hamamatsu, Japani. Baada ya kuelewa muundo wake alianza kuunda vya kwake, na mwaka 1897 kampuni yake ikasajiliwa kwa jina la Nippon Gakki, ambayo baadaye ilichukua jina lake. Kampuni iliyozaliwa kutokana na ukarabati wa kinanda kimoja cha shule ikaja kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa ala duniani.

Njia ya pili ilianzia kwenye kikokotoo. Ndugu wa familia ya Kashio walianzisha kampuni ya Casio mwaka 1957 kwa ajili ya kuuza vikokotoo vya umeme. Mwaka 1980 kampuni hiyo ilitoa kinanda chake cha kwanza, Casiotone 201, chenye vibonyezo 49 na sauti 29 za kuchagua. Lengo lililotangazwa na Kashio Toshio lilikuwa kumpa kila mtu furaha ya kupiga muziki. Kwa wakati huo sinthesaiza zilikuwa vyombo vya wataalamu. Minimoog ya mwaka 1970, kwa mfano, ilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja na ilimtaka mpigaji aunde sauti mwenyewe kwa kugeuza vitufe. Casiotone ilimwondolea mpigaji kazi hiyo. Sauti zilikuwa tayari, na alichotakiwa kufanya ni kubonyeza.

3.2 Midundo ya kiwandani na wanaoipindua

Urahisi huo ulikuja na masharti. Mtu aliyeamua sauti gani ziitwe fidla, filimbi au gita, na midundo gani iitwe roki, samba au boleroo, alikuwa mhandisi aliyeketi Tokyo. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Kampala alipokea chaguo hilo likiwa limekamilika. Hakukuta chakacha wala mdundiko kwenye orodha.

Hata hivyo, historia haithibitishi kwamba mtumiaji ni mpokeaji asiye na sauti. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Jamaika. Kinanda kidogo cha Casio MT-40, kilichotolewa mwaka 1981, kilikuwa na mdundo wa roki uliotungwa na Okuda Hiroko, mwanamuziki kijana aliyekuwa ameajiriwa na kampuni hiyo. Mwaka 1985 Wayne Smith na Noel Davey waliutumia mdundo huo, na mtayarishaji King Jammy akaupunguza kasi. Wimbo uliozaliwa, "Under Mi Sleng Teng", ulibadili mwelekeo wa muziki wa rege kwa kuonyesha kwamba kinanda cha mtoto kinaweza kuchukua nafasi ya bendi nzima. Kiwanda kilikusudia roki, mtumiaji akasikia kitu kingine ndani yake.

Tukio hilo linatoa kigezo ambacho hakimo katika matangazo ya biashara. Kilichowawezesha wanamuziki wa Kingston ni kupata nafasi ya kubadili kasi, kutenganisha besi na ngoma, na kurekodi juu yake. Wingi wa midundo ndani ya kinanda haukuwasaidia. Kibodi inayoruhusu mtumiaji kurekodi mdundo wake mwenyewe ina thamani kubwa kwake kuliko yenye midundo mia tatu isiyobadilika.

4.0 Lugha ya kuunganisha: MIDI

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kinanda cha kampuni moja hakikuweza kuzungumza na cha kampuni nyingine. Mwaka 1981 Dave Smith, Mmarekani aliyekuwa na kampuni ya Sequential Circuits, alipendekeza lugha moja ya pamoja. Kakehashi Ikutaro wa kampuni ya Roland aliwavuta watengenezaji wa Japani kuikubali. Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya ala za muziki nchini Marekani, kinanda cha Sequential Circuits na kingine cha Roland viliunganishwa kwa waya, na kimoja kikapigwa kupitia kingine. Lugha hiyo iliitwa MIDI. Mwaka 2013 Smith na Kakehashi walitunukiwa Grammy ya kiufundi kwa kazi hiyo.

MIDI haisafirishi sauti. Husafirisha taarifa: kibonyezo gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na kimeachwa lini. Kila sauti ina namba kuanzia 0 hadi 127, na taarifa hupita katika njia 16. Kwa kuwa ujumbe ni mwepesi, kompyuta dhaifu za wakati huo ziliumudu, na kwa kuwa lugha hiyo ilitolewa bila malipo ya leseni, hata kampuni ndogo ziliitumia. Mafanikio ya DX7 ya Yamaha, iliyotolewa mwaka huohuo wa 1983 ikitumia njia ya kuunda sauti iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, yaliisambaza lugha hiyo katika studio nyingi. Mwaka 1991 ukaongezwa utaratibu wa kuzipa sauti 128 namba za kudumu, ili faili iliyoundwa kwenye kinanda kimoja isikike kwa namna inayofanana kwenye kingine.

Tunapaswa kuutazama mfumo huu kwa macho mawili. Kwa upande mmoja, namba 0 hadi 127 zilirithi moja kwa moja vibonyezo vya piano: namba 60 ni do ya kati, namba 61 ni kibonyezo kinachofuata, na kati yao hakuna namba. Desturi ya Ulaya iliandikwa ndani ya lugha ya mashine. Kwa upande wa pili, lugha hiyohiyo iliacha mlango wazi. Kiwango cha mwaka 1992 kiliruhusu kila namba ipewe sauti yoyote, na hata kabla yake baadhi ya vinanda vilikuwa vimeanza kumruhusu mpigaji kupandisha au kushusha sauti moja moja. Kampuni za Yamaha na Korg baadaye zilitengeneza vinanda maalumu kwa soko la Kiarabu na Kituruki vyenye vitufe vya kushusha sauti kwa robo-toni papo hapo wimbo unapoendelea. Mvutano wa Cairo wa mwaka 1932 ulipata jibu la kiufundi miaka mingi baadaye, kwa yule anayejua kuuliza.

5.0 Kinanda katika Afrika Mashariki

5.1 Pwani: taarabu kati ya udi na umeme

Simulizi za Zanzibar zinaihusisha taarabu na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ambaye inasemekana alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Siti binti Saad aliirekodi taarabu ya Kiswahili mjini Bombay mwaka 1928. Katika muziki huo udi, ganuni, fidla na nai zilibeba maqamu, na zote huweza kutoa sauti iliyo kati ya vibonyezo vya piano. Chukua maqamu ya rasti kama mfano. Katika desturi ya Misri, sauti yake ya tatu hukaa karibu na senti 350 juu ya sauti ya msingi. Piano inatoa senti 300 au 400 tu. Anayepiga rasti kwenye kinanda kisichorekebishwa hana budi kuikosea, ama kwa kupanda ama kwa kushuka.

Ingekuwa rahisi kuilaumu kibodi ya umeme kwa kuufifisha utajiri huo, lakini ushahidi unadai tahadhari. Akodiani ilikuwa imekwisha kuingia katika okestra za Zanzibar kabla ya kibodi, na akodiani ya kawaida ina hatua 12 zilezile. Mjini Mombasa hamoniamu ilisikika katika taarabu iliyoathiriwa na filamu za Kihindi, ambayo Juma Bhalo alikuwa mwimbaji wake mashuhuri. Kwa hiyo kibodi ilipopata nafasi kubwa katika taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, ile ya rusha roho iliyopigwa na vikundi kama East African Melody, ilikuta njia imekwisha kulainishwa na ndugu zake wawili wa hewa. Tofauti ni ya kiasi. Akodiani ilikaa katikati ya fidla na ganuni, na fidla ziliweza kuifunika mahali ilipokosea. Kibodi ilichukua nafasi ya fidla na ganuni zenyewe, na hapakubaki ala ya kuisahihisha isipokuwa koo la mwimbaji.

5.2 Makanisa na bara

Njia ya pili ilipitia misheni. Hamoniamu ya kanisani ilikwenda sambamba na nota za do-re-mi zilizoenezwa na John Curwen wa Uingereza, ambazo zilikuwa nafuu kuchapa na rahisi kufundisha. Mfumo huo ulienea kusini na mashariki mwa Afrika. Enoch Sontonga aliutumia alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake ulikuja kuwa msingi wa wimbo wa taifa wa Tanzania. Kwaya nyingi za Tanzania na Kenya bado zinafundishwa kwa njia hiyo, na mpiga kinanda wa kanisa ndiye aghalabu mwalimu wa muziki anayefikiwa kwa urahisi na vijana wa mtaa. Kwa muziki huo, mgawanyo wa piano unafaa bila marekebisho, na kibodi ya kawaida inatosha.

Haitoshi kwa muziki mwingine wa bara. Watafiti kama Klaus Wachsmann na Gerhard Kubik wameeleza kwamba amadinda ya Wabaganda hugawanya oktavo katika hatua tano zinazokaribiana kuwa sawa, yaani takriban senti 240 kila moja. Kibonyezo cha piano kilicho karibu zaidi hukosea kwa senti 40. Kosa hilo si dogo: sikio lililolelewa katika muziki huo hulisikia mara moja. Kijana wa Kampala anayetaka kutunga kwa amadinda huku akiwa na kibodi pekee analazimika ama kuirekebisha kibodi, ama kuuacha muziki wa babu yake uchukue sura ya piano.

6.0 Vigezo vya uteuzi na hitimisho

6.1 Vigezo vya kibodi

Kigezo cha kwanza ni uwezo wa kurekebisha sauti moja moja. Mnunuzi aulize kama kibodi inaruhusu kila moja ya sauti 12 za oktavo kupandishwa au kushushwa kwa senti, na kama marekebisho hayo yanaweza kuhifadhiwa. Kwa rasti inayoanzia do, mi na si hushushwa senti 50 kila moja. Kwa mgawanyo unaokaribia amadinda, zinatumika sauti tano: do inabaki ilivyo, re inapandishwa senti 40, fa inashushwa senti 20, sol inapandishwa senti 20, na kibonyezo cheusi kilicho kati ya la na si kinashushwa senti 40. Matokeo ni hatua za senti 240. Mfano huu ni wa kuanzia tu, kwa kuwa fundi wa amadinda hukaza ala yake kwa sikio na wala hafuati hesabu. Hata hivyo unatosha kuonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana kwenye kibodi ya bei ya kati. Kibodi nyingi zisizo na sauti za ndani hazina uwezo huo zenyewe. Kwa hizo, marekebisho hufanywa ndani ya programu ya kompyuta, na mnunuzi ahakikishe programu hiyo inayaruhusu.

Kigezo cha pili ni muunganisho. Kibodi ya leo inapaswa kutuma na kupokea MIDI kupitia waya wa USB. Ile ya zamani yenye tundu la duara la pini tano bado inafaa, mradi mnunuzi apate kiunganishi cha kuipeleka kwenye kompyuta. Kinanda cha zamani kisicho na mojawapo ya njia hizo kitabaki kisiwa.

Kigezo cha tatu ni mguso, urithi wa Cristofori. Kibodi isiyotambua nguvu ya kidole humnyima mpigaji nusu ya usemi wake. Vibonyezo vizito vinavyoiga piano vinamfaa anayejifunza piano, lakini mpigaji wa taarabu au wa besi ya dansi huenda akapendelea vyepesi. Vivyo hivyo kwa idadi: 88 zinahitajika kwa piano, 61 zinatosha kwa kwaya na taarabu, na 25 au 37 zinamtosha anayetunga sehemu moja moja kwenye kompyuta katika chumba kidogo.

Wingi wa sauti na midundo unafuata mwisho, kwa sababu zilizoelezwa katika sehemu ya tatu.

6.2 Vifaa vya ziada

Vifaa vya ziada navyo vina historia yake. Adapta ni cha kwanza. Vinanda vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Japani vilikusudiwa umeme wa volti 100, ilhali umeme wa Tanzania na Kenya ni wa volti 230 hadi 240. Aidha, adapta za zamani za Casio na za Yamaha zilitofautiana katika mpangilio wa ncha chanya na hasi, na kuzibadilishana kunaweza kuunguza kinanda. Mnunuzi asome maandishi yaliyo nyuma ya chombo kabla ya kuchomeka. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kibodi inayokubali betri ina faida ambayo haionekani kwenye jedwali la bei.

Pedali ya kurefusha sauti nayo hutofautiana kati ya kampuni. Isiyooana na kibodi hufanya kazi kinyume: sauti hurefuka mguu unapoinuliwa. Hedifoni za waya zinafaa kuliko zisizo na waya, kwa kuwa zisizo na waya aghalabu huchelewesha sauti. Kwa anayerekodi, ucheleweshaji huo ukizidi takriban milisekunde 10 vidole huanza kupotea. Kwa sababu hiyohiyo, kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta ni ununuzi wenye maana kuliko spika kubwa. Ndicho pia kinachoruhusu maikrofoni kuchukua udi, zeze au koo la mwimbaji, yaani zile sauti ambazo kibodi haiwezi kuzitoa hata ikirekebishwa.

6.3 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kibodi ya dijitali ni mkusanyiko wa maamuzi ya kihistoria: mgawanyo wa sauti uliotokana na desturi ya Ulaya, hazina ya sauti iliyopangwa na viwanda vya Japani, na lugha ya kuunganisha iliyokubaliwa mwaka 1983. Imebainika pia kwamba maamuzi hayo hayakuwahi kuwa kufuli. Mafundi wa Calcutta waliipa hamoniamu mkao mpya, wanamuziki wa Kingston waligeuza mdundo wa roki kuwa rege, na wahandisi waliongeza vitufe vya robo-toni baada ya soko la Mashariki kuvidai.

Katika Afrika Mashariki dai hilo bado halijatolewa kwa sauti ya kutosha. Mahali pa kulianzia ni nyumbani, kwa mtu mmoja anayesimama mbele ya kaunta na kuuliza, kabla ya bei na kabla ya idadi ya sauti, kama kinanda hiki kinaweza kushusha mi kwa senti 50. Muuzaji asipokuwa na jibu, mnunuzi atakuwa amejua jambo kuhusu chombo anachouziwa. Jibu likiwa ndiyo, kibodi hiyo itaweza kukaa chumba kimoja na sauti ya bibi yake bila kuihukumu.